Magurudumu ya safari ndefu na mzigo mzito: anza na fundi, rimu baadae

Watu wakitaka kusafiri na baiskeli, namaanisha zile safari za wiki tatu mwezi na hema na sufuria na kila kitu, wanachouliza kwanza ni fremu. Fremu gani, gia ngapi, siti gani isiyoumiza. Magurudumu wanabaki nayo yale yale yaliyokuja na baiskeli. Alafu wakifika porini ndo wanagundua fremu haina shida kabisa, fremu ingefika, kinachogoma ni gurudumu la nyuma.

Kwa hiyo leo tuongelee magurudumu tu, na tuanze na kilo. Chukua karatasi upige hesabu yako. Mimi nna kilo 82. Baiskeli na keria zake mbili kama 17. Mizigo 30 na hapo nimejibana, sufuria moja, nguo mbili. Maji sasa, ukipita njia kama ile ya Itigi kwenda Rungwa unaweza ukaenda masaa hujaona duka wala kisima, beba lita 8, na lita moja ni kilo moja haina mjadala. Jumla 137. Na huo uzito haukai sawa mbele na nyuma, nyuma panakaa kama asilimia 60, na kama umefunga mabegi yote nyuma panazidi hapo. Yani gurudumu moja la nyuma limebeba kilo themanini na kitu masaa nane kwa siku kwenye barabara ya vumbi yenye yale mawimbi ya bati. Gurudumu la baiskeli ya mtumba iliyokuwa inaendewa sokoni huko Japani halikufungwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Kabla hata ya kununua chochote basi, hamisha kilo kadhaa mbele. Keria ya mbele yenye mabegi mawili madogo inapunguzia nyuma mzigo mwingi kuliko rimu yoyote ya bei mbaya. Vitu vizito na vidogo, maji, unga, mchele, spana, peleka mbele na chini. Baiskeli itakuwa nzito kukata kona siku mbili za kwanza, alafu utazoea.

Spoki inakatikaje

Hapa nakaa kidogo maana ukipaelewa hapa mengine yote yanajipanga yenyewe. Watu wengi wanadhani spoki inakatika kwa sababu umeingia shimo, tap, imekatika. Mara nyingi sio hivyo. Shimo linapinda rimu. Spoki inakatika kwa kuchoka. Chukua waya uukunje uukunjue, hautakatika mara ya kwanza wala ya tano, ila endelea tu, utakatika na wala hukutumia nguvu.

Sasa tairi ya inchi 26 kwa 2.0 inazunguka karibu mara 480 kwa kilomita moja. Kila mzunguko mmoja kila spoki inafika chini, inalegea kidogo, ikipanda juu inakaza tena. Toka Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, piga hesabu, zaidi ya mara nusu milioni kila spoki inalegea na kukaza. Kama spoki ilikuwa imekazwa sawasawa, ikifika chini inapungua kidogo ila bado imekaza, hapati nafasi mtu wa kuikunja. Kama ilikuwa legelege toka mwanzo, ikifika chini inakuwa haina kitu kabisa, pale kwenye shingo inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, inachezacheza, na hapo ndo unaanza mchezo wa waya. Kwa hiyo spoki legelege ndo inayokatika, na inakatikia shingoni. Watu wakisikia hivi wanabisha, wanasema si bora iwe laini inesenese. Hapana aisee.

Na kuna upande ambao ndo utaugua nao, upande wa kulia nyuma, kwenye gia. Kwa sababu gia zinachukua nafasi, habu inasogezwa kushoto, ili rimu ikae katikati ya fremu spoki za kulia zinasimama karibu wima na zinakazwa sana, za kushoto zinalala na zinakazwa kidogo tu, kama asilimia 60 ya kulia au chini ya hapo. Kulia kumebeba mvuto mkubwa, kushoto kuna ulegevu, pande zote mbili zina sababu yao ya kukatika. Na ikikatika ya kulia huwezi hata kuibadilisha mpaka utoe kaseti, lile fungu la gia la nyuma. Nyuma kulia ndo gurudumu lote, pengine kote ni rahisi.

Mi mwenyewe nilijifunza kwa tabu. Nilinunua magurudumu yameshafungwa, duka silitaji, rimu ina jina zuri, kuta mbili, spoki 36 zinang'aa, nikajua nimemaliza. Kilomita kama 600 tu hivi, mbele ya Itigi, ikakatika ya kwanza. Kesho yake asubuhi ya pili, mchana ya tatu. Nikasukuma, nikapanda, nikasukuma, mwisho lori likanibeba mpaka kwa mzee mmoja fundi, Mgogo wa watu, ana kibanda chini ya mti. Nikamwamkia shikamoo nikaanza kulaumu rimu. Hakuniangalia hata, akageuza baiskeli, akachukua kispana kidogo akawa anapitisha kwenye spoki moja moja kama mtu anayepiga zeze, anasikiliza. Moja inalia juu, nyingine inalia buu, nyingine hailii. Akasema, "Kijana wangu, hili zeze lako nani alilifunga?" Akacheka sana. Rimu haikuwa na tatizo. Ile rimu ninayo mpaka leo.

Spoki za urefu wangu hakuwa nazo, alikuwa na ndefu za baiskeli ya Phoenix. Akakata kichwa, akaikunja mwisho ndoano, akaipachika kwenye tundu la habu na nati yake mwenyewe, kale kakofia kanakokaza spoki upande wa rimu, tatu zote, alafu akakaa saa nzima akikaza gurudumu zima upya. Nikamaliza safari na ndoano zile.

Kwa hiyo nunua mkono kwanza. Gurudumu la rimu ya kawaida lililokazwa vizuri na sawasawa litalishinda la rimu ghali lililotoka mashineni likaachwa hivyo hivyo. Kama una hela ndogo, chukua habu na rimu za wastani, inayobaki mlipe fundi anayejua. Na usimlipe kwa haraka, mwambie kabisa hili ni la kubebea mzigo, chukua siku mbili.

Spoki ngapi na nene kiasi gani

36 nyuma. Hapa sijadili sana. 32 inawezekana kama we ni mwepisi au gurudumu ni dogo, na mbele 32 inatosha wengi, ila tofauti ya uzito kati ya 32 na 36 ni spoki nne tu, gramu chache, ndizi moja ni nzito kuliko hapo. Na 36 ina faida nyingine, ikikatika moja zinabaki 35, rimu haiyumbi sana, unaweza ukaendelea mpaka kijiji kinachofuata. Zile za spoki 20 au 24 za baiskeli za mashindano ikikatika moja gurudumu linagoma kuzunguka, linakwama kwenye breki hapo hapo. Baiskeli za watu wawili wanatumia mpaka 40 na 48. Na wazee wa zamani hawakuwa wajinga, zile baiskeli ngumu za Kiingereza zilikuja na spoki 32 mbele na 40 nyuma, walijua uzito unakaa wapi. Ndo zilizobeba mkaa na madebe ya maji na bibi harusi.

Unene sasa, na hapa kuna kitu kinashangaza. Spoki nene mwanzo mpaka mwisho sio ndo imara kuliko zote. Imara ni ile iliyo nene kwenye shingo na kwenye nyuzi za nati, katikati imepunguzwa, mfano milimita 2.0 alafu 1.8 alafu 2.0. Pale katikati pembamba panavutika kidogo kama mpira, kwa hiyo ule mnyanyaso hauendi wote shingoni. Zipo pia ambazo shingo yake imeongezwa kwa ajili ya mizigo, DT Swiss Alpine III ni 2.34 shingoni, 1.8 katikati, 2.0 kwenye nyuzi, na Sapim Strong ni 2.3 shingoni alafu 2.0 mpaka mwisho. Ukizipata nyuma kulia weka hizo. Ukikosa, 2.0 tupu ya chuma kisichoshika kutu inafanya kazi, bora ikazwe. Zile za chuma cha kawaida zilizopakwa rangi ya fedha achana nazo, hasa we unayekaa pwani, chumvi inazila kimya kimya, na nati inagandamana na spoki, siku unataka kukaza inakatika mkononi.

Kufunga, kila spoki ikatizane na nyingine tatu, basi. Zile zinazotoka kwenye habu zimenyooka kama miale ya jua bila kukatizana ni za urembo, usiweke nyuma wala usiweke kwenye gurudumu lenye breki ya diski, maana nguvu ya kukanyaga na ya kufunga breki inahitaji spoki iliyolala ivute.

Habu

Swali moja tu kwanza: ni friwili au ni kaseti? Friwili ni ule mtindo wa zamani gia zote ni donge moja linazungushiwa kwenye habu. Shida yake, golori za kulia zinabaki ndani mbali, ekseli inatoka nje ndefu haina kitu kinachoishikilia, na ukiwa na gia 7 ndo imezidi kutokeza. Pakia kilo themanini hapo, ingia kwenye matuta, ekseli inapinda, alafu inakatika. Baiskeli za bei rahisi nyingi mpaka leo ziko hivyo hata kama zina gia 21 na stika za kutisha. Kaseti inakaa kwenye frihabu, kile kipande cha habu kinachoshika gia, ambayo Shimano walianza kuitoa mwaka 1978, na golori za kulia zimesogezwa nje karibu na fremu, ekseli inashikwa mwisho huku na mwisho huku. Kama baiskeli yako ina friwili na unataka kubeba mzigo wa kweli, badilisha habu kabla ya kitu kingine chochote. Sijui niseme mara ngapi.

Habu yenyewe Shimano Deore ya upana wa milimita 135 inatosha kabisa, sio ghali, na ni ya golori za kufungua. Nyuma golori 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 kila upande za 3/16. Golori hizo unazipata karibu kila mji wenye fundi baiskeli, grisi unapata gereji yoyote, spana mbili nyembamba unafungua mwenyewe. Habu za beringi za kufungwa ni nzuri na zinakaa muda mrefu, ila zikifa zinataka namba kamili na kigongeo cha kutolea, ukizichagua beba beringi za akiba, ni ndogo hazichukui nafasi.

Kuna watu watakwambia Rohloff, ile ya gia 14 ndani ya habu. Ni kweli ni chuma, na kwa kuwa haina kaseti spoki za kushoto na kulia zinakaa sawa, gurudumu linakuwa imara kweli kweli. Bei yake lakini unanunua baiskeli nyingine na unabaki na chenji. Kama unazo, hongera.

Rimu

Kuta mbili. Angalia ndani ya rimu ukitoa tairi, kama unaona vichwa vya nati viko wazi hapo hapo juu ni ukuta mmoja, kama vimezama ndani ya matundu chini ni kuta mbili. Ukuta mmoja wa alumini kwa mzigo ni kupoteza muda. Upana wa ndani milimita 19 mpaka 25 unakaa vizuri na tairi za 1.75 mpaka 2.1. Matundu yawe na vichuma vya kuzuia nati isitoboe, au rimu yenyewe iwe nene pale. Majina yanayoheshimika kwa mizigo yapo, Ryde Andra ni mojawapo, na Ryde ndo wale waliokuwa wanaitwa Rigida zamani, kwa hiyo ukikuta mtumba imeandikwa Rigida Andra au Rigida Sputnik na haijaisha, chukua haraka kabla mwenye duka hajagugo.

Haijaisha namaanisha nini? Kama breki ni za mpira zinazobana rimu, kila ukifunga unakwangua. Ukichanganya na tope na mchanga ni msasa kamili. Weka kitu kilichonyooka, hata kitambulisho, ubavuni mwa rimu, kama kuna bonde katikati ukuta umeshaliwa. Rimu nyingi zina kitundu au mfereji mdogo wa alama, ukifutika, badilisha. Ukuta ukiwa mwembamba upepo wa tairi unaupasua kutoka ndani, na haupasuki ukiwa umesimama nyumbani unakunywa chai, unapasuka ukiwa unashuka.

Na kushuka kwenyewe. Mlima Kitonga pale Iringa, unatoka Ilula unashuka kwenda Ruaha Mbuyuni, kona na malori kila upande. Mtu na mzigo wa kilo 137 akifunga breki za mpira mfululizo kuanzia juu mpaka chini, rimu inapata moto wa kuunguza kidole, tyubu inaweza kupasuka kwa joto. Funga kwa nguvu, achia, funga, achia, badilishana mbele na nyuma, na kuna sehemu za kusimama, simama, piga picha, acha ipoe. Breki za diski zinaondoa hili tatizo maana rimu haiguswi kabisa, rimu moja itadumu miaka, ila gurudumu la mbele nalo linakuwa limesogezwa upande, na spoki za upande wa diski ndo zinachukua kazi. Kwa hiyo ukiwa na diski, mbele pia nenda 32 au 36, usilete habari za 24. Mi natumia za mpira kwa sababu raba zake napata popote, ila anayeanza leo na hela anazo simkatazi diski za waya.

Kwa taarifa tu, wale vijana wa Burundi wanaoshusha ndizi toka Bugarama kwenda Bujumbura, milundo ya mikungu mpaka mtu haonekani, nao wanatumia baiskeli ngumu za chuma. Wakipanda wanashikilia malori. Usiige hicho kipande cha pili.

Saizi, na mtego wa 28

Hapa watu wanapoteza hela sana. Phoenix inaitwa 28. Baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi au Ujerumani nayo tairi yake imeandikwa 28. Unaona namba ni moja, unaenda dukani unanunua tairi ya Phoenix unajua mambo yameisha. Haiingii sawa, inapwaya. Soma zile namba ndogo ubavuni mwa tairi. Phoenix ni 40-635, ile ya Ulaya ni kitu-622, mfano 42-622. Hiyo 635 na 622 ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu kwa milimita, tofauti milimita 13, hakuna fundi atakayeibana hiyo. Na 622 ndo hiyo hiyo inaitwa 700C, na ndo hiyo hiyo inaitwa 29 kwenye baiskeli za milima. Majina matatu kitu kimoja, alafu jina moja vitu viwili. Na 26 ina mtego wake pia, 26 kwa 2.0 ya nukta ni 559, 26 kwa 1 3/8 ya sehemu ni 590, haziingiliani. Kariri namba yako ya tarakimu tatu kama namba ya simu ya mama.

Uchague ipi? Kwa safari za huku kwetu mi nasema 559, yani 26 ya baiskeli ya mlima. Mitumba imejaa, tairi unapata hata mji mdogo, inaweza isiwe nzuri lakini itakufikisha. Spoki zake fupi, na gurudumu dogo lenye spoki fupi ni gumu kupinda kuliko kubwa, hata kama rimu na spoki ni za aina ile ile. 622 inateleza vizuri zaidi kwenye lami na mtu mrefu anaipenda, tairi zake pana lakini ukitoka Nairobi, Arusha au Dar utazitafuta, kwa hiyo beba moja ya kukunja. Baiskeli mpya nyingi siku hizi hazitoki tena na 26, ni 27.5 ambayo ni 584, au 29, kwa hiyo mwenye fremu ya kisasa hana chaguo, atabeba tairi ya akiba yaishe.

635 ya Phoenix tairi zake zipo mpaka kwenye duka la sukari na chumvi, hilo nakubali, ila rimu yake ya chuma mvua ikinyesha breki ni sala.

Valvu nayo usiisahau. Toboa rimu kwa tundu la valvu ya gari, ile nene. Tundu nene linapokea tyubu zote, yenye valvu ya gari, ile ya kizamani yenye kimpira ndani, na ile nyembamba ya Presta ukiiwekea kizibo cha kuzuia isicheze. Tundu jembamba la Presta linapokea Presta peke yake, na pampu ya fundi wa kijijini haiijui.

Tairi ni sehemu ya gurudumu

Najua mada ni magurudumu ila tairi pana ndo springi yako. Kila pigo ambalo tairi imelimeza, rimu na spoki hazikulipata. Nenda 2.0 kama fremu inaruhusu. Mi na uzito ule niliopiga hapo juu naweka PSI 45 mpaka 50 nyuma na 35 mpaka 40 mbele kwa pampu yenye mshale, kwenye lami naongeza kidogo, kwenye mchanga napunguza. Ukijaza mpaka iwe jiwe, ile bati yote ya barabarani inaingia kwenye spoki na mgongoni kwako. Ukipunguza sana, jiwe moja linapigiza tyubu kwenye rimu, linatoboa matundu mawili na rimu inabonyea. Schwalbe Marathon za aina zake zinavumilia miiba, mbigiri hazipiti kirahisi, mwiba wa mgunga ule mrefu unapita popote, huo ni bahati yako.

Unamkaguaje fundi, au gurudumu ulilonunua

Geuza baiskeli juu chini, zungusha gurudumu, angalia rimu kwenye raba ya breki. Isiyumbe zaidi ya milimita moja kulia kushoto, na isirukeruke juu chini. Hilo kila fundi analijua. Wengi hawaendi hatua inayofuata: gonga spoki za kulia zote moja moja, sauti ziwe karibu sawa. Alafu za kushoto nazo ziwe sawa zenyewe kwa zenyewe, zitalia chini zaidi ya kulia ni kawaida. Gurudumu linaweza kuwa limenyooka kabisa huku spoki moja imekaza kama kamba ya kisima na jirani yake imelala, zimeshikana uongo tu, na hilo ndo nililouziwa mimi. Ukiwa na kipimo, nyuma kulia kilo 100 mpaka 120 za mvuto, usizidishe maana na rimu ina kikomo chake.

Akimaliza kukaza, mwambie azishike spoki mbili mbili zinazokwenda sambamba, abane kwa viganja kwa nguvu, azunguke gurudumu lote. Utasikia ting ting, hizo ni spoki zinajiweka sawa kwenye shingo na kujinyoosha zilikokuwa zimejisokota. Alafu anyooshe tena. Fundi akikushangaa ukimwambia hivyo, fanya mwenyewe pale pale, haihitaji chombo. Gurudumu ambalo halijabanwa hivi linanyooka dukani, linapinda kilomita 50 mbele. Na hata likibanwa, rudi kwake baada ya kilomita 200 au 300 aliguse tena, na ulipakie mzigo wako hizo kilomita, usizunguke nalo mtaani tupu.

Vya kubeba

Spoki za akiba za urefu wako. Mara nyingi ni urefu tofauti, mbele, nyuma kulia, nyuma kushoto, kulia ni fupi kwa kushoto milimita kama mbili. Beba nne za nyuma kulia na mbili mbili za kwingine, zipime wewe mwenyewe usiambiwe kwa simu, zifunge kwa utepe kwenye chuma cha fremu pale chini ya mnyororo au zizamishe ndani ya bomba la siti. Nati kama kumi. Spana ya spoki inayobana sawasawa kwenye nati zako, isiyo saizi yake inazivuruga pembe na hutoboi tena. Kitoleo cha kaseti cha saizi yako. Watu wanabeba spoki kumi wanasahau hiki, alafu wanazitazama tu. Na kamba ngumu nyembamba ya nailoni mita mbili.

Ikikatika porini, shuka kwanza. Usiendelee hata kidogo ukisema ntaifanya mbele, zilizobaki zinabeba zamu ya mwenzao. Toa kipande au kizungushe kwenye spoki jirani kisigonge fremu. Legeza breki ipanuke. Kama iliyokatika ni ya kulia rimu itakuwa imekwenda kushoto, kwa hiyo zile mbili za kushoto zilizo jirani yake zilegeze nusu mzunguko kila moja uangalie, rimu itarudi. Kumbuka uliyogusa, ifunge uzi. Kama huna spoki, pitisha ile kamba ya nailoni kwenye tundu la habu na uizungushe kwenye shingo ya nati, ikaze kwa kijiti, sio ya kujivunia ila inafikisha. Hamishia mbele mabegi yote unayoweza, na nyanyuka kwenye siti kila ukiona bonde.

Kila jioni kabla hujawasha jiko pitisha kispana kwenye spoki za nyuma, raundi moja, haizidi dakika mbili. Siku ya tatu ya nne sikio lako linazizoea, ikilia moja tofauti utaijua hata gizani, unaikaza robo, unaendelea na ugali wako.